Mikao Ishirini na Minne

Mwenda pole hajikwai. Methali hii niliiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa katika miaka 38 ya ualimu wangu sikuacha kuwapa watoto wa darasa la tano insha yenye kichwa hicho. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikatoa alama, nikafunga madaftari. Sikujiuliza hata siku moja kama mimi mwenyewe najua kwenda pole. Leo nina umri wa miaka 75, nimestaafu, nakaa hapa Tosamaganga nilikozaliwa, na ni juzijuzi tu nimetambua kwamba kwenda pole ni jambo la kufundishwa, kama vile kusoma na kuandika. Mimi nilifundishwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikakimbia somo. Mara ya pili nilikuwa mzee, nikataka kukimbia tena, ila safari hiyo mwalimu alikuwa mjukuu wangu, na mjukuu hakimbiwi.

Habari ninayotaka kuisimulia ni ya taichi, yale mazoezi ya Wachina ambayo mtu huyafanya taratibu mithili ya anayetembea ndani ya maji. Najua baadhi ya wasomaji watauliza: mzee wa Kihehe na mambo ya Wachina, wapi na wapi? Lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliishi nao kabla wengi wa wasomaji wangu hawajazaliwa.

Nilimaliza mafunzo ya ualimu Mpuguso, kule Tukuyu, mwaka 1971, na Januari 1972 nikapangiwa shule moja ya msingi karibu na Makambako. Siku hizo Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulikuwa umeanza Oktoba 1970, reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kazi ilikuwa imefikia kipande kigumu kuliko vyote, kile cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako milima ilitobolewa mahandaki na mabonde yakavushwa kwa madaraja marefu. Kambi moja ya Wachina ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka shuleni kwetu.

Mimi nilipewa somo la michezo na gwaride, na nililipenda mno. Kila asubuhi nilipita kando ya kambi ile kwa makusudi, niwaone wakifanya mazoezi ya viungo. Walijipanga mistari iliyonyooka, nguo zao za rangi moja, kipaza sauti kikihesabu, na mikono mia ikipanda na kushuka kama mkono mmoja. Nikaiga. Nikawapeleka wanafunzi wangu uwanjani, nikahesabu kwa Kiswahili, nikaona nafanya mambo ya maendeleo.

Nyuma ya jiko la kambi, chini ya mikaratusi, alikuwapo mtu mmoja ambaye hakujipanga na wenzake. Alikuwa mpishi, mzee kuwashinda wote, labda wa miaka 55. Yeye alikuwa peke yake na ukungu wake. Mkono mmoja ulipanda kama unainua kitambaa, mwingine ukashuka, mguu ukatangulia bila kukanyaga, kisha mwili wote ukaufuata polepole. Wanafunzi wangu walikuwa wakimcheka. Walisema, "Mwalimu, yule anatafuta mlango gizani."

Kambini alikuwapo mkalimani, kijana aliyejifunza Kiswahili kwao Beijing. Nikamwuliza. Akaniambia, "Ndugu Mwalimu, ile inaitwa taijiquan. Alifundishwa na baba yake. Akiifanya yote inakaribia nusu saa." Nikauliza kwa nini wengine hawaifanyi. Akatazama pembeni, akasema, "Ile ni ya zamani." Hakuongeza neno. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976, jinsi mambo ya jadi yalivyotazamwa kwa jicho baya katika nchi yao, ndipo nilipoelewa kwa nini mzee yule alichagua kusimama nyuma ya jiko.

Nikaomba anifundishe. Nilidhani nitaonyeshwa ngumi na mateke, kwa maana nilikuwa nimeambiwa kwamba asili yake ni mapigano. Mzee alikubali kwa kichwa. Akanisimamisha, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imezungushwa mbele ya kifua kana kwamba nimekumbatia mtungi mkubwa wa maji. Kisha akaniacha, akaenda kukata kabichi zake.

Nikasimama. Baada ya muda mapaja yakaanza kuwaka, kisha kutetemeka. Nikaita, "Tayari?" Mzee yule alikuwa na maneno manne matano tu ya Kiswahili: rafiki, pole pole, kesho, na moja ambalo sitalisahau. Alijibu bila kuinua macho: "Bado." Siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne sikwenda. Nilikuwa na miaka 22 na cheti cha ualimu mfukoni. Nikajiambia kwamba kusimama kila mtu anajua, hata ng'ombe anajua. Tulipokutana barabarani mzee alicheka bila kinyongo, akapunga mkono, akasema, "Rafiki, bado." Mwaka 1973 kambi ikahamia mbele, upande wa Mbeya, naye akaenda na sufuria zake. Sikumwona tena. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, nami nilikuwa nimekwisha kumsahau.

Hapa naomba msomaji univumilie, niingize habari nyingine ambayo itaonekana ya kando, lakini si ya kando.

Novemba 1974 lilitolewa Azimio la Musoma, na taifa likaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mpango huo uliitwa UPE. Watoto walikuja kama mvua ya masika, na walimu hawakuwapo. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wachukuliwe, wafundishwe ualimu huko huko vijijini huku tayari wanafundisha. Sisi tuliosoma vyuoni miaka miwili kamili tuliwadharau. Kulikuwa na mzaha uliozagaa nchi nzima, kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nami niliucheka mzaha huo, na kuurudia.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, miaka ya themanini, nililetewa mwalimu mmoja wa namna hiyo, dada wa miaka ishirini na kitu. Katika kikao cha walimu, mbele ya wenzake, nilisema: "Mwalimu wa mkato hutoa elimu ya mkato." Nikampa darasa la kwanza, kwa kuwa tulikuwa na ujinga wa kudhani kwamba darasa la kwanza ni mahali pa kumficha mwalimu dhaifu. Hakujibu kitu. Aliingia katika chumba chenye watoto karibu tisini na vitabu visivyozidi kumi, na kufika Novemba watoto wale walikuwa wanasoma. Mwaka uliofuata ikawa hivyo tena. Nilifanya naye kazi miaka saba, na sikuwahi kumwambia ahsante, wala samahani.

Nilistaafu mwaka 2010. Mwaka 2018, asubuhi ya mvua, mke wangu aliteleza nyuma ya nyumba kwenye udongo wetu huu mwekundu, akavunjika nyonga. Alihudumiwa vizuri, na watu walimwombea. Alilala miezi mitano, akatutoka. Mtu aliyepanda na kushuka vilima hivi miaka sabini akiwa na ndoo kichwani aliangushwa na hatua moja.

Tangu siku hiyo nikaanza kuiogopa ardhi. Nilitembea kama niliyebeba mayai. Nikaacha kwenda Misa ya asubuhi kwa kuhofia ngazi, nikaacha kushuka bondeni, nikakaa kitini. Na jinsi nilivyokaa ndivyo miguu ilivyozidi kuwa dhaifu, na jinsi ilivyokuwa dhaifu ndivyo nilivyozidi kuogopa. Wazee wenzangu wanaoisoma habari hii wanaujua mviringo huo. Hofu ya kuanguka ni ngazi ya kwanza ya kuanguka.

Krismasi ya mwaka 2022 alikuja mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Alisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako Taasisi ya Confucius ilifunguliwa mwaka 2013, na pamoja na lugha ya Kichina alijifunza taichi. Aliniangalia siku mbili nikijikokota kati ya kiti na mlango. Siku ya tatu akasema, "Babu, simama nikuonyeshe kitu." Akaweka simu dirishani, muziki wa zeze ukaanza, naye akainua mikono miwili polepole mbele ya kifua.

Nilishikwa na baridi. Ilikuwa kama kumwona mzee wa Makambako amerudi katika mwili wa msichana. Nikamsimulia yote. Akafurahi sana, akasema, "Basi Babu, wewe ulinitangulia." Lakini nilipomtazama hadi mwisho, dakika tano au sita tu, nikaona kwamba haikuwa ile ile. Nikamwambia:

"Ya yule mzee haikuwa na muziki, wala haikuwa fupi hivi."

"Babu, hii ni ya mikao 24. Ndiyo inayofundishwa siku hizi."

"Ndiyo maana," nikasema. "Hii ni ya mkato."

Neno lilinitoka lenyewe, na nilipolisikia masikioni mwangu nikajua nimewahi kulisema mahali pengine.

Mjukuu wangu hakubishana. Aliporudi likizo nyingine aliniletea karatasi za kusoma, kwa kuwa anajua babu yake hasadiki kitu kisichoandikwa. Nami nikasoma kama nilivyosoma chuoni, na penseli mkononi. Nitaeleza kwa ufupi niliyoyaelewa.

Taichi ya jadi ina koo zake, kama sisi tulivyo na koo zetu. Ukoo mkongwe ni wa Chen, wa kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, na chanzo chake hutajwa kuwa Chen Wangting, askari wa karne ya 17. Mtindo wao si wa polepole tupu. Una kupiga kishindo kwa mguu, una kuruka, una ngumi zinazochomoka ghafla baada ya ukimya mrefu. Karne ya 19 mtu wa nje, Yang Luchan, aliyeishi kuanzia 1799 hadi 1872, alijifunza huko na kuipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki 1936, aliilainisha: akaondoa kuruka na vishindo, akaifanya itiririke kwa mwendo mmoja, akaifundisha hadharani kwa watu wa kawaida. Mikao yake wengine huihesabu 85, wengine 103, wengine 108, kutegemea namna ya kuhesabu. Kwa nilivyokumbuka mwendo wa mpishi wetu, mrefu na laini usio na kishindo, nadhani alikuwa mtu wa ukoo huo wa Yang. Kuna pia koo za Wu na Sun, na nyingine iitwayo Wu ambayo Wachina huiandika kwa herufi tofauti.

Mwaka 1956 serikali ya China, kupitia mamlaka yake ya michezo, iliwaita mabingwa wakae pamoja. Walitakiwa kutengeneza taichi ambayo mfanyakazi wa kiwandani, mwanafunzi na mgonjwa anayepata nafuu wangeweza kujifunza bila kumtumikia mwalimu miaka kumi. Wakachukua mtindo wa Yang, wakatoa mikao inayorudiwarudiwa, wakabakiza 24. Baadaye, mwaka 1989, ilitengenezwa nyingine ya mikao 42 iliyochanganya koo mbalimbali kwa ajili ya mashindano, na mwaka 1990 michezo hiyo ya jadi iliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Asia iliyofanyika Beijing.

Nilipofika hapo nikaweka penseli chini. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akiona muhtasari wa masomo anautambua hata kama umeandikwa kwa lugha ya mbali. Ule mtindo mrefu huanza moja kwa moja na mkao mgumu uitwao kushika mkia wa shomoro, na huufanya kwa upande wa kulia tu, mara nyingi. Mikao 24 imepangwa vingine: huanza na mepesi, kama kutenganisha manyoya ya shingo ya farasi mwitu, kisha hupanda hatua kwa hatua, na mkia wa shomoro unapofika hufanywa kushoto na kulia. Hiyo ni kazi ya watu waliofikiri juu ya mwanafunzi. Walijiuliza lile swali ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza hujiuliza: mtoto huyu aanzie wapi?

Tena nikaona jambo la pili. Ile ninayoiita ya jadi, ya Yang Chengfu, nayo ilikuwa ya kisasa siku moja. Bila shaka kule Chenjiagou walikuwapo wazee waliotikisa vichwa na kusema kwamba taichi isiyo na kishindo si taichi. Hapa kwetu misheni nilikuwa mtumishi wa altare nikiwa mtoto, nikijibu Misa kwa Kilatini ambacho sikukielewa hata neno. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika 1965, Misa ikaja kwa Kiswahili, na wazee wengine walinung'unika kwamba sasa hiyo ni Misa gani, kila mtu anaielewa! Leo wajukuu wao wanaiita Misa ya Kiswahili mila ya mababu.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba nimehamia upande wa pili mzima mzima. Katika kufupisha kuna vitu vilivyoachwa njiani, na si haki kuvificha. Katika mtindo wa jadi kila mkao una matumizi: mkono huu unaondoa ngumi, bega hili linamsukuma adui. Wanafunzi huwekwa wawili wawili, hugusana mikono na kusukumana taratibu ili kila mmoja ajue mizizi ya mwenzake iko wapi. Madarasa mengi ya siku hizi hayagusi kabisa jambo hilo. Watu hujifunza umbo, wakafurahi, wakaenda nyumbani. Katika mashindano hutazamwa mguu umepanda juu kiasi gani na nguo ya hariri imetulia vipi. Na zaidi ya yote, wengi huruka lile somo la kwanza la mpishi wangu.

Nililijua hilo siku nilipomwambia mjukuu wangu, "Sasa nami nikuonyeshe kitu." Nikamsimamisha akumbatie mtungi. Msichana wa miaka 24, mwenye cheti cha mikao yote, hakufikisha dakika nne. Mapaja yalimtetemeka, akacheka, akasema, "Babu, hili hatukulitilia mkazo." Nikamjibu neno ambalo lilikuwa limekaa kifuani mwangu miaka hamsini: "Bado."

Basi tukabadilishana. Yeye alinifundisha mikao 24, mitatu mitatu, kwa kunishika mkono kama nilivyowashika watoto wa darasa la kwanza kalamu. Mimi nilimfundisha kusimama, kwa dakika moja, kisha mbili. Aliporejea kazini aliniachia picha katika simu, nami nikaendelea peke yangu kila asubuhi nyuma ya nyumba, mahali pale pale mke wangu alipoanguka. Nilipachagua kwa makusudi.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho mitindo yote miwili inacho, mrefu na mfupi, wa zamani na wa sasa. Wachina husema kuna mguu uliojaa na mguu mtupu. Mguu uliojaa ndio uliobeba mwili. Mguu mtupu hauna kitu, waweza kuuinua bila kuyumba. Katika taichi huruhusiwi kuhamisha mwili mpaka mguu mtupu umeigusa ardhi na kuiuliza kama iko salama. Ukishajibiwa, ndipo uzito unamiminika kidogo kidogo, kama unga kutoka debe hadi debe. Sisi wengine hutembea kwa kujitupa mbele na kutumaini kwamba mguu utadaka. Kijana hudaka. Mzee hadaki. Mpishi alinisimamisha siku tatu ili niujue mguu uliojaa, nami nikadhani ananipotezea wakati.

Nisidhaniwe kwamba ni hisia za mzee tu. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanywa Atlanta, Marekani, kwa watu 200 wenye miaka 70 na kuendelea. Waliofundishwa taichi kwa wiki 15 walipunguza hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa karibu nusu. Na walifundishwa mikao mingapi? Kumi tu, iliyochaguliwa kutoka katika ile 108! Niliposoma hivyo nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimeidharau 24 kwa kuwa ni ya mkato, kumbe kumi ilitosha kumzuia mzee asianguke. Nikamfikiria mke wangu. Laiti ningalisimama siku ya nne kule Makambako, labda ningalikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Jirani yangu hapa, hatua kama mia mbili kuelekea kanisani, anakaa yule mwalimu wa UPE. Naye amestaafu, ni mjane, na magoti yanamsumbua. Kwa miaka mingi tuliishia kwenye salamu, shikamoo na marahaba, basi. Asubuhi moja ya Juni, ukungu umefunika bonde, alisimama kwenye ua wangu akanitazama hadi nikamaliza.

"Kamwene, Mwalimu Mkuu. Ni nini hicho?"

Nikamweleza kwa kirefu, kwa maana mwalimu mstaafu akipata msikilizaji hamwachi. Nikamwambia habari za ukoo wa Chen na wa Yang, habari za mikao 108 na ile 24, ya zamani na ya sasa. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea fimbo yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole kabisa:

"Kwa hiyo hii unayofanya ndiyo ile yenyewe, au ni ya UPE?"

Sikujua kama nicheke au nijifiche. Alikuwa hajasahau, na kwa nini asahau? Nikaacha mikono ishuke. Nikamwambia, "Mwalimu, ni ya UPE. Na ndiyo iliyonisimamisha." Kisha nikasema lile nililopaswa kulisema miaka arobaini iliyopita: kwamba nilimkosea mbele ya wenzake, kwamba watoto wa shule yangu walijua kusoma kwa ajili yake, na kwamba mimi niliandikiwa sifa kwenye ripoti za wakaguzi kwa jasho lake. Akanyamaza. Akatazama mikaratusi ya misheni. Halafu akasema, "Mimi nilijua kwamba sijui. Ndiyo maana kila jioni nilikuwa najifunza lile la kesho." Akaweka fimbo ukutani. "Haya, nionyeshe. Tunaanzia wapi?"

Mwaka 2020 UNESCO iliiandikisha taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nilifurahi kusikia, na natumaini kule Chenjiagou wapo vijana wanaoendelea kujifunza yote, pamoja na vishindo vyake, chini ya wazee wao. Lazima wawepo. Kisima kikikauka, ndoo fupi na ndoo ndefu zote ni bure. Lakini kisima bila ndoo nacho hakimfai mwenye kiu. Walioikata 108 ikawa 24 hawakukitia kisima udongo. Walitengeneza ndoo ambayo hata mzee wa Tosamaganga anaweza kuiinua. Kosa ni la anayeshika ndoo akadhani ameshika kisima, na kosa kubwa zaidi ni la mtu kama mimi, aliyekaa karibu na kisima akiwacheka wenye ndoo.

Sasa tuko watano nyuma ya nyumba yangu, na mdogo wetu ana miaka 63. Misa ya asubuhi nimeirudia. Ngazi nazipanda kwa mguu mtupu na mguu uliojaa. Kabla ya mikao husimama kwanza, mikono imezunguka mtungi usioonekana, jua likichomoza upande wa Iringa. Daima yuko mmoja anayechoka mapema akauliza kama muda umetimia, na daima ni yule mwalimu wa darasa la kwanza anayejibu, akiwa amefumba macho:

"Bado."